Mgaagaa na Uvundo: Kwa Nini Mbwa Hujipaka Mizoga, na Jinsi ya Kumsafisha

Ufuoni Dunga, Kisumu, wavuvi wakishapakua na wanunuzi wakaondoka, mchangani hubaki matumbo ya samaki, magamba, vichwa vya ngege na omena waliokanyagwa. Mbwa akipita hapo atakula, hilo halimshangazi mtu. Linaloudhi ni lile analofanya baadaye. Huinamisha shingo juu ya samaki aliyeoza, akateleza kwa shavu, akafuatisha bega, kisha akageuka chali na kugaagaa miguu ikiwa hewani. Akifika nyumbani Nyalenda amechangamka, mkia unapepea, na hakuna anayetaka kumkaribia.

Wenye mbwa wengi huliita jambo hili uchafu au ujinga, na wengine hudhani ni ugonjwa. Ni tabia ya kuzaliwa nayo. Mtoto wa mbwa aliyetengwa na mama yake akiwa mdogo sana huifanya bila kufundishwa na yeyote, na mbwa wa Milimani anayelishwa chakula cha dukani huifanya sawasawa na mbwa koko wa Kondele anayejitafutia. Fisi, mbweha na wanyama wengine wa jamii zao wanayo pia. Kumchapa mbwa kwa ajili yake ni kumwonea.

Tazama mwili kabla ya kutafuta sababu

Kugaagaa huku kuna mpangilio, na kuujua kunakusaidia kulitofautisha na mwasho. Mbwa aliyepata harufu husimama ghafla. Pua inashuka chini, ananusa kwa haraka mara nne au tano kwa sekunde, na mkia mara nyingi hutulia. Halafu anakunja mguu mmoja wa mbele na kushusha bega la upande huo. Kinachogusa kitu kwanza ni shavu, au shingo chini ya sikio, kisha bega, kisha mgongo. Akimaliza husimama, hukinusa tena kile kitu, na pengine hurudia kwa upande wa pili.

Mbwa mwenye mwasho hafanyi hivyo. Huyo hujisugua popote, kwenye nyasi safi, ukutani, sakafuni, na hana haja ya kunusa kwanza. Ukiona hivyo, fungua manyoya juu ya kiuno karibu na mkia utafute viroboto na vile vinyesi vyao vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Viweke kwenye karatasi nyeupe iliyoloa, na vikitoa rangi ya kahawia nyekundu, hiyo ni damu iliyofyonzwa. Angalia kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ngozi iliyonyonyoka kwenye viwiko na kingo za masikio huashiria upele. Na mbwa anayeburuta makalio ardhini ana shida ya tezi za pembeni mwa njia ya haja kubwa, au ya minyoo. Hayo ni mambo ya daktari wa mifugo, hayahusiani na uvundo.

Pua inayosoma

Binadamu ana seli za kunusa milioni 5 au 6 hivi. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Juu ya hilo, ana kiungo kingine kidogo juu ya kaakaa, chenye mlango nyuma ya meno ya mbele, kinachopokea harufu za wanyama wengine zinazohusu jinsia na hali ya mwili. Anapotoa pumzi, hewa hutokea kwenye zile nyufa za pembeni mwa pua, kwa hiyo hewa anayotoa haifukuzi harufu iliyo mbele yake. Kwa chombo kama hicho, kitu ambacho sisi tunakiita "uvundo" tu yeye hukipokea kama habari nyingi zilizopangika: ni mnyama gani, alikufa lini, nani amepita hapa kabla yangu, alikuwa mzima au mgonjwa.

Sisi harufu ya kuoza hutusukuma mbali kwa sababu nyama iliyooza hutuua. Mababu wa mbwa wa leo waliishi kando ya makazi ya watu wakila mabaki na mizoga. Kwao kuoza ni dalili ya chakula. Chukizo letu kwao halipo kabisa.

Maelezo yanayotolewa, na yale yanayosimama

Maelezo utakayoyasikia zaidi ni kwamba mbwa hujificha. Kwamba wazazi wao wa zamani walijipaka mavi ya wanyama wa porini ili swala asiwanuse wakimkaribia. Yanavutia, yanaeleweka haraka, na ndiyo sababu yanarudiwa kila mahali. Lakini yana tatizo kubwa.

Mwaka wa 1986 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa makundi mawili ya mbwa mwitu wa kijivu waliofugwa Kanada. (Huyu ni mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, jamaa wa karibu kabisa wa mbwa wa nyumbani, yule wetu mwenye mabaka ni wa ukoo mwingine.) Waliwekewa harufu za aina mbalimbali. Walizogaagaa kwa bidii zaidi ni harufu kali za viwandani, kama manukato na mafuta ya injini, zikifuatwa na mavi ya wanyama wala nyama kama dubu na puma, paka mkubwa wa mwituni wa Amerika. Mavi ya kondoo na farasi, ambayo ndiyo yangewaficha vizuri mbele ya windo, karibu hawakuyajali. Anayetaka kumnyemelea kondoo hajipaki harufu ya dubu. Na mbwa mwitu wa kijivu huwinda kwa kukimbiza mbio ndefu mahali pa wazi, windo likiwa limeshamwona. Kuficha harufu kungemsaidia kidogo sana.

Pana mnyama mmoja tu katika habari hii ambaye kujificha kunamweleza vizuri, lakini kinyume na inavyosimuliwa. Mwaka wa 2017 watafiti waliotega kamera katika milima ya California walieleza jinsi mbweha wadogo wa kijivu wanavyojisugua mahali puma alipoacha alama ya harufu yake. Maelezo yao ni kwamba mbweha hujivika harufu ya mkubwa ili wale wanaomwinda yeye mwenyewe, hasa koyote, mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa, wasite kumshambulia. Hapo mnyama anajificha asiliwe. Mbwa wa Bondeni, Nakuru, hana puma wala koyote, ila huenda amerithi tabia kutoka kwa waliokuwa nao.

Maelezo ya pili husema mbwa anaweka harufu yake juu ya kile kitu, kudai kuwa ni chake. Hili mimi sioni kama linasimama lenyewe. Mbwa akitaka kuacha alama ana mkojo, ana mavi, na ana ile kukwangua ardhi kwa miguu ya nyuma. Kwenye kugaagaa harufu huenda upande mwingine: inatoka ardhini inapanda kwenye mwili, tena kwenye shingo na mabega, mahali ambapo mbwa mwingine hunusa kwanza wanapoamkuana uso kwa uso.

Na hapo ndipo penye uzito. Pat Goodmann, aliyewachunguza mbwa mwitu kwa miaka mingi katika kituo cha Wolf Park huko Indiana, Marekani, alieleza kwamba mmoja akirudi na harufu mpya mwilini, wenzake humzunguka na kuichunguza, na mara nyingine huifuata ile njia hadi kwenye chanzo. Mwaka wa 2002 yalitoka matokeo kuhusu fisi madoa waliofugwa Berkeley, California, kundi lililoanzishwa na watoto wa fisi waliochukuliwa hapa Kenya. Fisi aliyebeba harufu ya mzoga alipata kuangaliwa na kusafishwa na wenzake zaidi ya yule aliyebeba harufu ya kafuri. Yaani harufu ya nyama ilimpa mnyama hadhi fulani kwa muda. Unaweza kuliona hili kwenye uwanja wowote wenye mbwa watatu: anayerudi na mgongo wa samaki shingoni, wenzake humjia na pua zao hazitoki nyuma ya masikio yake.

Kwa hiyo ukitaka jibu lililo karibu na ushahidi, ni hili: mbwa huvutwa na harufu iliyo kali na mpya, huichukua mwilini, na kuichukua huko kuna faida mbele ya wenzake. Kujipaka chenyewe kunampendeza pia. Uso uliolegea, mdomo wazi na ile hamu ya kurudia huonyesha hivyo. Hakuna sababu moja inayoeleza kila tukio. Mbwa wa Nandi anayegaagaa kwenye mavi mabichi ya ng'ombe hafuati kanuni za mbwa mwitu wa Kanada waliopuuza mavi ya kondoo, na maelfu ya miaka ya kuishi na watu lazima yamebadilisha mengi.

Lile neno "mpya" lishike, kwa sababu ndilo linalowashinda watu siku ya kuosha.

Kinachomvuta hapa kwetu

Kisumu ni samaki kwanza. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata minofu, husafirishwa na kukaangwa Obunga, na maji na mabaki yake huingia mitaroni. Kwenye ufuo gugumaji likioza hushikilia samaki waliokufa na mavi ya viboko. Nakuru ni jaa la Gioto, matumbo yanayotupwa nyuma ya bucha, na mbolea ya kuku kwenye mashamba ya viungani. Upande wa Kakamega, Bungoma na Vihiga, kitu kinachowashinda mbwa kabisa ni kondo la nyuma la ng'ombe lililotupwa kwenye ndizi au kuzikwa juujuu. Na kila mji una gereji za jua kali zenye udongo uliolowa oili chafu. Wakumbuke wale mbwa mwitu na mafuta ya injini, usishangae mbwa wako akilala chali pale.

Mara chache, hasa karibu na vichaka, mbwa hukutana na kicheche, yule mnyama mdogo mweusi mwenye mistari meupe mgongoni, ambaye hurusha majimaji kutoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia. Hapo mbwa hajagaagaa, amerushiwa, lakini usafishaji wake ni wa pekee na nitaueleza.

Hatari halisi

Harufu yenyewe haimdhuru mbwa. Kinachodhuru ni kile kilichokuja nayo.

Mzoga wa ng'ombe, mbuzi au nyati aliyekufa ghafla bila kuonekana mgonjwa, damu isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja, tumbo limefura upesi: huo uchukulie kuwa kimeta hadi afisa wa mifugo aseme vinginevyo. Mwaka wa 2015 kimeta kiliua nyati wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, na vijidudu vyake hukaa kwenye udongo kwa miongo mingi. Mbwa hustahimili kimeta kuliko ng'ombe, lakini manyoya yake yanaweza kuwaletea watu vijidudu. Mbwa aliyegaagaa hapo afungwe peke yake, watoto wasimguse, usimwoshe kwa mikono mitupu, na upige simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Mzoga usipasuliwe kamwe. Ukipasuliwa, hewa huvifanya vile vijidudu vijijengee ganda gumu.

Sumu ni ya pili. Nyama iliyotegwa kwa ajili ya fisi au mbwa koko mara nyingi huwa na dawa ya wadudu, na mbwa hahitaji kuila. Atailamba kutoka kwenye manyoya yake. Dalili za sumu nyingi za namna hiyo ni udenda mwingi, machozi, kukojoa ovyo, kuhara na misuli kutetemeka. Dawa ya josho yenye amitrazi huonekana kwa njia nyingine: mbwa analegea, anasinzia, anayumba, moyo unapiga polepole. Kwa hali zote mbili, osha manyoya kwa maji mengi na sabuni ukiwa umevaa glovu, usimpe maziwa wala mafuta ya kunywa, umpeleke kwa daktari na chupa au pakiti ya dawa kama unayo.

Minyoo ni ya kila siku. Mayai ya minyoo hunata kwenye manyoya, na tegu mmoja wa mbwa anayekula mapafu na maini mabichi ya mifugo huwapa watu uvimbe wa maji ndani ya ini na mapafu. Mbwa anayezurura apewe dawa yenye prazikwanteli kila miezi 3. Vidonge vingi hupimwa kimoja kwa kila kilo 10 za uzito, lakini soma pakiti yako. Kumpima ni rahisi: panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kukisia ndiko kunakofanya dawa isifanye kazi, maana mbwa wa kilo 22 hupewa kidonge kimoja na mwenyewe anaamini amemtibu.

Kumsafisha kulingana na alichojipaka

Kosa la kwanza, na karibu kila mtu hulifanya, ni kumwaga maji. Uvundo wa mzoga umebebwa na mafuta, na maji bila sabuni huyasambaza mafuta hayo kutoka shingoni hadi mkiani. Kosa la pili ni maji ya moto, ambayo huirusha harufu hewani na kuijaza nyumba. La tatu ni sabuni yenye manukato makali, nami nitalirudia.

Anza mkavu. Vua ukosi kabla ya jambo lolote. Ukosi wa nailoni hulowekwa peke yake, na wa ngozi uliolowa mzoga ni afadhali kuutupa kwa sababu ngozi hainuki sabuni, inanuka kile ilichonyonya. Vaa glovu. Kwangua kwa kijiti bapa ukifuata manyoya yalivyolala, kisha nyunyizia unga mkavu wa mahindi konzi mbili, uache dakika 5 unyonye mafuta, upukuse. Usitumie jivu. Jivu lina magadi, linachoma ngozi, na linazidisha harufu ya samaki kwa sababu nitakayoeleza sasa hivi.

Nyama na samaki vikioza, protini huvunjika na kutoa kemikali kama kadaverini, putresini na trimethilamini. Hizi zote zina tabia ya magadi. Zikikutana na kitu kingine chenye magadi, kama jivu au sabuni ya kipande, hubaki huru kuruka na kufika puani. Zikikutana na asidi, hugeuka chumvi isiyoruka, na maji huzichukua. Ndiyo maana kipande cha limau huondoa harufu ya samaki mikononi, na ndiyo maana mbwa aliyeoshwa kwa sabuni ya kipande peke yake hunuka upya anapokauka.

Kwa mbwa wa kilo 20 tayarisha mtungi wa lita 20 za maji ya uvuguvugu na ndoo nyingine ya kuongezea. Changanya vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na harufu kali, kwenye lita 1 ya maji. Ipake penye uchafu *kabla* manyoya hayajalowa, sugua kwa vidole hadi kwenye ngozi, subiri dakika 5, suuza. Rudia. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, ni kali mno kwa ngozi ya mbwa. Akishasuuzwa, chukua kikombe kimoja cha siki, mililita 250 hivi, ukichanganye na lita 1 ya maji. Kama huna siki, kamua malimau manne. Mwagia penye harufu, kaa dakika 5, suuza. Kinga macho yake, na usimwagie penye kidonda.

Mavi mabichi ya ng'ombe hayahitaji yote hayo. Yaache yakauke, yapigwe brashi, na sabuni mara moja inatosha. Mavi ya watu na ya kuku yanataka utaratibu wote, kwa sababu ya minyoo na vijidudu zaidi ya harufu.

Oili chafu ni habari nyingine. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala kiyeyushi cha rangi. Hivyo huchoma ngozi, na mbwa akijilamba mvuke huingia mapafuni. Paka mafuta ya kupikia, nusu kikombe au zaidi, usugue hadi oili ilegee, ifute kwa vitambaa vikuukuu, kisha ndipo sabuni ya vyombo mara mbili au tatu. Iko desturi ya kuwapaka mbwa oili chafu makusudi ili kutibu upele. Tafadhali iacheni. Ina metali na kemikali zinazoingia mwilini kupitia ngozi na ulimi, na dawa halali za upele zipo kwenye maduka ya mifugo.

Kicheche ana kemikali zenye salfa, na hizo asidi haiziwezi. Zinataka kuunguzwa na oksijeni. Nunua kwenye duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ukipewa ya asilimia 6, ichanganye na maji kiasi sawa. Kwa lita 1 weka robo kikombe cha soda ya kuokea na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo. Kwa sehemu ndogo ya shingo, mililita 250 na kijiko kimoja cha chakula cha soda zinatosha. Pakaa ikiwa bado inatoa mapovu, dakika 5, suuza kabisa. Inafifisha rangi ya manyoya meusi, na macho yasiguswe. Iliyobaki mwaga. Ukiifungia kwenye chupa, gesi itaipasua. Usiichanganye na siki kwenye chombo kimoja.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimguse mbwa kwa hali yoyote. Ikikutana na siki, au na mkojo uliomo kwenye manyoya, hutoa gesi ya kuumiza mapafu yako na yake. Dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji nazo ziache, hasa kama nyumbani kuna paka atakayelala na huyo mbwa.

Sasa yale manukato. Mbwa mwitu wa Kanada waligaagaa kwenye manukato kuliko kwenye mavi ya dubu. Ukimwosha mbwa kwa shampuu ya waridi, umempa harufu kali na mpya, na tena umemwondolea ile yake. Atafungua mlango aende moja kwa moja akajipake chochote. Sabuni isiyonukia, suuza hadi maji yatoke meupe, na umfunge mahali safi hadi akauke kabisa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na jioni yake ni baridi, kwa hiyo maliza kabla ya saa nane mchana. Kisumu una nafasi hadi saa kumi. Watoto wa mbwa chini ya wiki 8 usiwaloweke, wapanguse tu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Kumzuia

Huwezi kuifuta tabia hii. Unaweza kupunguza nafasi zake, na unaweza kumfundisha kuitika kabla bega halijashuka.

Kondo la nyuma na mizoga midogo isiyoshukiwa kimeta izikwe kina cha mita 1 au zaidi, inyunyiziwe chokaa, udongo ushindiliwe, na juu pawekwe mawe mazito au mabati kwa wiki kadhaa. Shimo la nusu mita ni kazi bure. Mbwa atalifukua usiku huohuo. Matumbo ya samaki unayotaka yawe mbolea yachanganywe na vumbi la mbao au majani makavu mara tatu ya ujazo wake, yafunikwe kwa wavu wa waya.

Mafunzo huanzia nyumbani, mahali pasipo na harufu. Chemsha maini, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Shika kipande ndani ya konzi. Mbwa atanusa, atalamba, atakwangua. Nyamaza. Sekunde ile anapotoa pua, sema "acha" na umpe kipande kutoka mkono wa pili. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Ukizidisha anachoka na neno linapoteza maana. Akielewa, kiweke chakula chini ukiwa umekaribia kukifunika kwa mguu. Kisha mtoe nje kwa kamba ya mita 5 hadi 10, upite mbali na kitu kinachonuka, ukisogea hatua chache kila siku. Neno litoke anaposimama na pua kushuka. Bega likishagusa chini umechelewa, na kupiga kelele hapo humfundisha tu kwamba neno hilo halimhusu.

"Njoo" iwe na malipo mema kila mara. Usimwite ili umchape, wala usimwite ili umwoshe. Ukitaka kumwosha, mfuate mwenyewe pale alipo. Mbwa aliyeitwa mara tatu akaishia kwenye beseni la siki hatakuja mara ya nne, hata siku gari linapomjia.

Nyumba nyingi za huku hufunga mbwa mchana na kumfungua saa tatu au saa nne usiku alinde boma. Kugaagaa kwingi hutokea katika saa hizo ambazo hakuna anayemwona, na watoto ndio wanaomkuta wa kwanza asubuhi. Kama ua hauzibiki, mpe angalau nusu saa ya kutembezwa jioni kabla ya kufunguliwa, anuse anavyotaka akiwa kwenye kamba. Na kabla watoto hawajatoka nje, mtu mzima apitishe mkono wenye glovu kwenye shingo na nyuma ya masikio yake.